Manyunyu si rasharasha, na umande haunyeshi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie namna magazeti yetu ya Kiswahili yanavyoandika habari za mvua ndogo. Siku hizi kila tone linaloanguka bila kishindo limekuwa "mvua nyepesi". Ukungu uliofunika Lushoto tangu alfajiri ni mvua nyepesi. Manyunyu yaliyokesha Limuru ni mvua nyepesi. Wingu lililopita Chake Chake kwa dakika tano likalowesha karafuu mikekani, nalo ni mvua nyepesi. Mwandishi akitaka kupamba habari ndipo mambo yanapoharibika zaidi: utasoma kwamba "umande ulinyesha", au kwamba "rasharasha zilimiminika kutwa nzima". Msomaji anafunga gazeti hajui aanue au aache, apige dawa nyanya zake au asubiri, atoe gari alfajiri au angoje jua lipande.

Maneno tunayo ya kutosha, na kila moja linashika hali yake. Mpima hali ya hewa kituoni hana ruhusa ya kuyachanganya. Kitabu cha alama kinachofuatwa na vituo vyote chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kinampa namba ya tarakimu mbili kwa kila hali anayoiona. Ukungu mwepesi ni 10. Ukungu mzito una namba 40 hadi 49, manyunyu 50 hadi 59, mvua ya matone kamili 60 hadi 69. Theluji imepewa 70 hadi 79, na mvua za ghafla za wingu linalopita zinaanzia 80, ambapo zile za radi zinafika mpaka 99. Mtu huyo anaamka usiku, anatazama, anachagua namba moja na kuipeleka. Kazi yake yote inapotea pale habari inapofika mezani kwa mwandishi na kuandikwa neno moja tu.

Nianze na manyunyu, kwa sababu ndiyo yanayoonewa kuliko yote. Manyunyu ni matone yenye kipenyo kisichofika nusu milimita, yaliyokaribiana, yanayoshuka polepole kutoka kwenye wingu la chini lililotanda kama dari. Tone la nusu milimita hushuka kwa mwendo wa mita 2 hivi kwa sekunde, na yaliyo madogo zaidi huenda taratibu kuliko hapo, ndiyo maana upepo kidogo tu unayabeba na kuyaingiza barazani, chini ya mwavuli na ndani ya madirisha. Ukitaka uhakika, tazama kidimbwi. Manyunyu yakianguka juu ya maji hayaachi viduara vinavyoonekana. Ukiona viduara, hayo si manyunyu tena. Ukubwa wake nao una vipimo: chini ya milimita 0.1 kwa saa ni manyunyu hafifu, kati ya 0.1 na 0.5 ni ya wastani, na kuanzia 0.5 ni mazito. Linganisha na mvua yenyewe, ambayo huitwa hafifu ikiwa chini ya milimita 2.5 kwa saa, ya wastani ikiwa kati ya 2.5 na 10, kubwa ikivuka 10, na kali kupindukia ikifika 50. Maana yake manyunyu ya wastani yakikesha saa 10 yanaweza kuleta milimita 3 tu, na watu wakaapa kwamba usiku kucha imenyesha. Kweli yametua usiku kucha. Shambani hayajafanya kazi hata ya robo saa ya mvua ya haja.

Kwao hasa ni nyanda za juu wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Upepo wa kusi unaleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, unaisukuma juu kwenye miteremko ya Usambara, Uluguru, Taita na upande wa kusini wa Kilimanjaro, na kwenye nyanda za Kenya kuanzia Nairobi kupanda Limuru. Hewa inapoa, wingu linakaa chini, halina kina cha kutosha kuzaa matone makubwa, na kutwa nzima linachuja hayo manyunyu. Hakuna radi. Hakuna kuanza kwa ghafla wala kwisha kwa ghafla.

Rasharasha ni jambo jingine. Najua kamusi zetu huyaweka maneno haya mawili jirani, na moja hutumika kulifasili lenzake. Lakini pwani wanaolitumia wanajua lina tabia yake. Asili yake ni ile ile ya kurashia, ya marashi na ya mrashi, kile chombo chenye shingo ndefu na vitundu mdomoni kinachorushiwa marashi kwa wageni harusini. Mrashi haumwagi na haufukizi. Hurusha matone yaliyoachana, mengine makubwa mengine madogo, mkono ukitulia yamekwisha. Hivyo ndivyo rasharasha ilivyo: wingu moja linapita, linaachia matone ya milimita 1 au 2 yaliyotengana, yanayoshuka kwa mita 4 hadi 6 kwa sekunde na yanayosikika juu ya bati, kisha mvua inapusa na jua linatoka. Inaweza kuwa ya dakika tano ikaleta maji mengi kuliko manyunyu ya usiku mzima. Ndiyo maana kuandika "rasharasha kutwa nzima" ni kujipinga katika sentensi moja. Kama wingu hili na lile yamepita kwa zamu, andika kwamba rasharasha zimepita mara kadhaa na kutaja nyakati. Mvua za mchoo za visiwani na pwani, zile za katikati ya kipupwe zinazotoka baharini, mara nyingi ni za namna hii, na nyingi zinapiga usiku wa manane au alfajiri.

Ninapendekeza basi gazeti lako lishike tofauti hiyo kama kanuni ya chumba cha habari: manyunyu kwa wingu lililotanda na matone yasiyoacha viduara majini, rasharasha kwa wingu linalopita na matone yanayosikika. Haipingani na kamusi, inazinoa tu.

Ukungu hauanguki. Ukungu ni wingu lililokaa ardhini, na vitone vyake ni vidogo kiasi kwamba kimoja cha sehemu mbili za mia za milimita hushuka sentimita moja tu kwa sekunde, yaani kimeelea. Kinachoutenganisha ukungu mzito na mwepesi ni umbali wa kuona: ukishindwa kuona kitu kilicho mita 1,000 mbele yako ni ukungu kamili, ukiona kupita hapo lakini kwa kufifia ni mwepesi. Kuna neno kungugu, ambalo wazee wa pwani bado wanalo. Lingefaa sana kwa huo mwepesi kama magazeti yangekubaliana, kwa kuwa "ukungu mwepesi" mara nyingi hufupishwa na mhariri mwenye haraka likabaki "ukungu", na dereva akaogopa bure.

Muhimu zaidi ni kutaja ni ukungu wa namna gani, kwa sababu ipo miwili inayotusumbua. Upo wa bondeni, unaozaliwa usiku wenye anga safi na upepo tulivu, ardhi inapopoteza joto na hewa ya chini ikapoa mpaka unyevu wake ukageuka kuwa vitone. Huu unakaa mabondeni, kando ya mito na mabwawa, na jua likipanda saa mbili au tatu kutoka kuchomoza kwake kwa kawaida unanyanyuka. Upo wa mlimani, ambao ni wingu la kweli linalosukumwa na upepo kupanda mteremko. Huu haujali jua, unaweza kukaa siku tatu, na unalowesha. Kwenye misitu ya Amani, ya Taita au ya Kilimanjaro vitone vyake hunasa kwenye majani na nyuzi za ndevu za miti, vikakusanyika na kudondoka chini. Mtu aliyesimama chini ya mti analowa, aliyesimama uwanjani hatua kumi kutoka hapo halowi. Hapo hakuna mvua iliyonyesha, na kipima mvua kilichowekwa uwanjani kitasoma sifuri. Anayeandika "mvua iliendelea kunyesha msituni" amekosea chanzo cha maji, ingawa maji yenyewe ni ya kweli na chemchemi nyingi za mabondeni zinayategemea. Msitu ukikatwa, ukungu utaendelea kupita lakini hautakuwa na cha kuunasa.

Moshi na vumbi navyo huandikwa ukungu, hasa wakati wa kuchoma mashamba. Pitisha kidole juu ya kioo cha gari: ukungu unaacha unyevu, vumbi linaacha vumbi.

Umande nao haunyeshi, hauanguki na haushuki kutoka popote. Unazaliwa papo hapo juu ya jani, bati au waya wa kuanikia, pale vitu hivyo vinapopoa kuliko hewa iliyovizunguka. Unataka anga wazi na upepo mdogo. Usiku wenye mawingu mazito hauna umande wa maana, kwa hiyo anayedai asubuhi ya manyunyu kulikuwa na umande mwingi amechanganya. Kiasi chake ni kidogo, mara nyingi sehemu moja hadi tatu za kumi za milimita kwa usiku mmoja. Na si kila tone lililo kwenye jani asubuhi ni umande. Matone yaliyopangana kwenye ncha na kingo za majani ya mahindi, nyasi au magimbi hutoka ndani ya mmea wenyewe, mizizi inaposukuma maji usiku na jani likakosa pa kuyatoa ila pembeni. Gimbi linaweza kudondosha hivyo mpaka udongo chini ya ncha ukalowa. Mwandishi wa habari za kilimo anapaswa kulijua hilo.

Kama umeamka na hujui usiku kulipita nini, soma vumbi la njia. Umande hauachi alama, ila vumbi la juu huwa limegandamana kidogo. Manyunyu huacha vialama vidogo vilivyosongamana mpaka uso wote ukawa kama umepigwa chapa ya sindano. Rasharasha huacha vishimo vilivyoachana, kila kimoja na ukingo wake. Wavuvi wa pwani wana umande mwingine, ule upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu kwenda baharini. Mvuvi akisema "tulitoka na umande" anataja tanga, si majani. Nimeona habari nzima ikipinda kwa kutolijua hilo.

Sasa nije kwa wanaoumia. Mkulima wa viazi mviringo au nyanya anapambana na baka jani chelewa, ugonjwa ambao hauhitaji mvua kubwa hata kidogo. Unahitaji jani libaki limelowa saa nyingi katika ubaridi. Kipimo kilichotolewa na mtaalamu wa hali ya hewa Smith huko Uingereza mwaka 1956 kilikuwa msingi huko mpaka mwaka 2017: siku mbili mfululizo ambazo joto halishuki chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na kila siku kuwe na angalau saa 11 ambazo unyevu wa hewa ni asilimia 90 au zaidi. Sasa fikiria gazeti linaposema "mvua nyepesi". Rasharasha ya saa nane mchana ikifuatwa na jua inakauka ndani ya saa moja, na ugonjwa haupati nafasi. Manyunyu ya siku mbili pamoja na ukungu wa mlimani, hata yakileta milimita 1 tu, ndiyo hali inayoteketeza shamba. Neno moja limefunika hatari na usalama kwa pamoja.

Dawa nazo zinafuata mkondo huo. Dawa za kukinga zinazobaki juu ya jani, kama mankozebu na zile za shaba, zinatakiwa zikute jani kavu na zipate muda wa kukauka. Ukipiga saa moja asubuhi juu ya umande, dawa inachanganyika na maji yaliyopo, inakuwa nyepesi kuliko ulivyopima, kisha inachuruzika mpaka kwenye ncha na kudondoka. Unakuta ncha imeungua na katikati ya jani hakuna kinga. Subiri mpaka saa tatu au nne, tikisa tawi, lisipodondosha kitu ndipo uanze. Rasharasha nzito ikikupata dawa haijakauka, hesabu kwamba sehemu kubwa imeoshwa. Ikipatwa na manyunyu hafifu huenda isiondoke, lakini pia haitakauka, na kupiga tena siku hiyo hiyo ni kupoteza fedha. Ngoja anga lianuke.

Kahawa ina hesabu yake. Matumba ya arabika yaliyolala wakati wa kiangazi huamshwa na mvua ya kweli, karibu milimita 10 hivi, na maua hufunguka baada ya siku 8 hadi 12. Manyunyu yasiyofika hapo huamsha matumba machache, miti ikachanua kwa awamu, na baadaye mchumaji akalazimika kupita mti huo huo mara nyingi kutafuta buni zilizoiva. Kisha ukungu na manyunyu ya miinuko ndiyo yanayoipa nafasi chulebuni, ugonjwa ulioripotiwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1922 na ambao mbegu zake haziingii kwenye buni isipokuwa maji yamekaa juu yake saa kadhaa. Ripoti ya bei ya kahawa inayosema "mvua nyepesi zimesaidia kahawa" haijasema lolote mpaka iseme ni zipi.

Kuhusu kupanda, kipimo kinachotumika sana Afrika Mashariki kwa kuanza kwa msimu ni milimita 20 ndani ya siku tatu, kisha katika siku 21 zinazofuata pasiwe na zaidi ya siku 7 kavu mfululizo. Kichwa cha habari kinachotangaza "Mvua zaanza" kwa sababu ya manyunyu ya milimita 4 kinawatia watu hasara ya mbegu. Milimita 4 kwenye udongo mkavu wa tifutifu hazipiti sentimita 3 hivi, na jua la pwani linaweza kuvukiza milimita 4 hadi 6 kwa siku. Mbegu ya mahindi iliyofukiwa sentimita 5 chini haijapata hata harufu ya maji, au mbaya zaidi, iliyo juu juu inavimba, inachipua, inakauka.

Wanaoanika wanaangalia jambo jingine: muda wa kuanua. Karafuu zinataka siku nne au tano za jua zuri juu ya mkeka au sakafu. Zikilowa siku ya kwanza zikaanuliwa na kurushwa tena zikakauka, si balaa kubwa. Zikilowa siku ya pili au ya tatu zikarundikwa ndani zikiwa na maji, zinapata joto, zinavunda, rangi inapauka na daraja linashuka. Kwa hiyo mwanika karafuu anataka kujua kama ni rasharasha, ambayo atafunika kwa turubai na kufunua baada ya nusu saa, au manyunyu ya kutwa, ambapo afadhali atandaze ndani kwa tabaka jembamba na kugeuza kila mara. Mwani nao unaonyeshewa ukiwa nusu mkavu hupoteza rangi na chumvi zake, kwa kuwa maji ya mvua huuosha, na mnunuzi anauona.

Barabarani ninalo ombi moja. Habari ya ukungu iandikwe kwa mita. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linahitaji mita 50 na ushei kusimama kwenye lami kavu, na karibu mara mbili kwenye lami iliyolowa. Ukungu wa kuona mita 100 na lami yenye manyunyu havivumilii mwendo huo. Ripota aliyepo barabarani Kinale kule Kenya au Kitonga kule Iringa hana haja ya chombo chochote. Nguzo za umeme mdogo kando ya barabara mara nyingi huachana mita 50 hivi, basi ahesabu anaziona ngapi. Aongeze pia kuwaambia madereva wawashe taa za chini, maana taa kubwa hugonga vitone na mwanga wake kurudi machoni mwao wenyewe. Na robo saa ya kwanza ya manyunyu baada ya ukame ndiyo yenye utelezi mbaya, kwa sababu maji ni kidogo mno kuosha vumbi na mafuta yaliyoko kwenye lami. Yanayakoroga tu. Mvua kubwa ingeyaosha.

Nimetaja milimita mara nyingi, na najua mwandishi wa wilayani atasema hana kipimo. Anaweza kujitengenezea. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita ya mraba. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, kata sehemu ya juu, ipindue iwe faneli. Mikunjo ya kitako huharibu hesabu kama utasoma kwa rula, kwa hiyo usisome kwa rula. Mimina maji kwenye bomba la sindano la duka la dawa lenye alama za mililita. Kama mdomo wa kupokelea una kipenyo cha sentimita 8.5, eneo lake ni sentimita za mraba 57 hivi, kwa hiyo kila mililita 5.7 ni milimita moja ya mvua. Vipima mvua vya shaba vya inchi 5, vilivyozoeleka kwenye vituo vyetu tangu enzi za ukoloni, vina kipenyo cha milimita 127, na kwavyo milimita moja ni mililita 12.7. Mdomo uwe sentimita 30 kutoka ardhini, uwe sawa bila kuinama, na mbali na nyumba au mti kwa angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Soma kila siku saa tatu asubuhi, saa ile ile wanayosoma vituo, upate mvua ya saa 24.

Makosa ya kipimo yanaielemea mvua ndogo kuliko kubwa. Faneli kavu inameza maji ya kuilowesha kwanza, na hiyo peke yake inaweza kufika milimita 0.2, kwa hiyo manyunyu hafifu ya usiku yanaweza yasiache kitu chupani. Chupa ikikaa juani tangu asubuhi, kilichobaki kinavukizwa. Matone mawili matatu ya mafuta ya kupikia juu ya maji yanazuia hilo. Kipimo kilichowekwa juu ya paa kinapigwa na upepo na manyunyu yanapita pembeni. Kilicho chini ya mwembe kinapokea matone ya majani baada ya mvua kwisha. Utando wa buibui kwenye faneli nao unanasa vitone. Mpima makini akikuta faneli imelowa lakini hakuna cha kupima haandiki sifuri, anaweka alama kwamba imenyesha isiyopimika. Gazeti lichapishe hivyo hivyo: "imenyesha, haikupimika". Sifuri ni neno la siku kavu.

Anayekinga maji ya paa anahitaji hesabu hiyo hiyo. Paa la bati la mita 10 kwa 6 ni mita 60 za mraba. Rasharasha ya milimita 5 inaleta lita 300, na ukitoa yanayorukia nje, yanayovukizwa na yanayovuja kwenye gata, unabaki na lita 240 hivi. Milimita ya kwanza au mbili zimwagwe, ndizo zinazoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Manyunyu ya milimita 1 yote yanaishia kwenye kuosha, na tangi halipati kitu ila uchafu kama maji ya kwanza hayakuelekezwa nje.

Nimalizie na maji yanayoanguka kutoka mahali pengine mbali na angani, maana huko nako kuna ovyo. Bomba bovu na mwamba wenye chemchemi vinaandikwa "vinatiririsha maji" kwa pamoja. Kudondoka ni tone moja moja. Kuchuruzika ni uzi wa maji unaofuata ukuta au mwamba. Kutiririka ni mkondo unaokwenda. Kububujika ni kutoka kwa nguvu kutoka chini, na kuporomoka ni kuanguka kutoka juu kwa wingi, kama maji ya Kalambo mpakani mwa Tanzania na Zambia yanavyoshuka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Mto unaokimbia juu ya mawe bila kuanguka hauna maporomoko, una mkondo mkali. Tangu mvua zilete maafa ya tope, neno maporomoko limebeba udongo pia, kwa hiyo kila mara liambatane na "ya maji" au "ya tope", hata kwenye kichwa cha habari.

Wazee walisema "Chururu si ndo ndo ndo", na hesabu inawaunga mkono. Matone 20 hivi ni mililita moja. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linatoa matone 86,400 kwa siku, yaani lita 4 na kidogo. Chururu inayojaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 10 inatoa lita 2,880 kwa siku hiyo hiyo, na kwa lita 20 kwa mtu inatosha watu 144. Kijiji kinachoandikwa kuwa "maji yanadondoka kidogo kidogo" kinaweza kuwa na chanzo kinachostahili kujengewa tangi, na kinachosifiwa kuwa na "maji yanayotiririka" kinaweza kuwa na ndo ndo ndo ya kiangazi. Mwandishi wako akienda kwenye chemchemi aombe ndoo, atazame saa, aandike imejaa kwa dakika ngapi na ni mwezi gani, kwa kuwa chanzo cha Mei si chanzo cha Oktoba.

Msomaji wako,
Muheza, Tanga